Muulize Fundi: TV mpya, picha hakuna

Wadau habari zenu. Mwezi huu safu nzima nimewaachia watu wa TV maana meseji zimejaa na karibu zote zinaanza hivi hivi, "fundi nimenunua flati juzi tu", alafu yanafuata malalamiko: haishiki chaneli, inaganda, inaandika hakuna signal, picha mbovu kuliko ile chogo niliyompa shemeji. Wengine wameshaanza kugombana na muuza duka. Niseme mapema kabisa, kwa ninayokutana nayo mitaani TV yenyewe mara nyingi ni nzima, tatizo linakaa kwenye vitu vya zamani tulivyoviunganisha na TV mpya, yani waya, antena, dishi, king'amuzi cha miaka ile. Basi twende na maswali, nimeyafupisha kidogo.

SWALI (Mbagala): Fundi mambo. Nimechukua smart inchi 43 Kariakoo, nimefika home nimechomeka king'amuzi na zile waya tatu nyekundu nyeupe njano kama nilivyozoea, TV inawaka vizuri ila inaandika No Signal tu, maandishi yanatembea tembea kwenye kioo. Nimeirudisha dukani wakaiwasha mbele yangu ikaonyesha ile video yao ya maua, wakasema TV nzima. Nimepigwa au?

FUNDI: Hujapigwa kaka. Ile video ya maua inatoka kwenye flashi au ipo ndani ya TV yenyewe kwahiyo haithibitishi chochote kuhusu matundu ya nyuma, lakini na hiyo No Signal nayo haimaanishi TV mbovu. Cha kwanza jiulize, hapo kwenye kioo anayeongea ni nani, TV au king'amuzi? Maana vyote viwili vinaweza kuandika hakuna signal na kila kimoja kinamaanisha kitu chake. Maandishi yanayotembea tembea kwenye kioo cheusi kawaida ni ya TV, na anachosema ni kwamba kwenye mlango uliochagua hakuna kitu kinachoingia. Basi.

Chukua rimoti ya king'amuzi, sio ya TV, bonyeza Menu. Kama menyu ya king'amuzi inatokea basi TV na waya vinaelewana, tatizo lako lipo huko nje kwenye antena au dishi au kifurushi kimeisha. Kama hakitokei kitu, TV inasikiliza mlango mwingine. Kwenye rimoti ya TV tafuta kitufe cha Source au Input, utakuta orodha ndefu, HDMI 1, HDMI 2, AV, Component, antena, USB, pitia mmoja mmoja na kila mmoja upe sekunde kadhaa usiwe na haraka.

Alafu hizo waya tatu. Flati nyingi za siku hizi zimepunguza matundu, zingine tundu la njano na la kijani wamelifanya moja kwahiyo waya wa njano unaingia kwenye kijani na watu wanaogopa kuuweka hapo, zingine hazina matundu ya rangi kabisa, zina kitundu kidogo kama cha hedifoni ambacho kinataka kiwaya chake maalumu, na hicho kiwaya kinakujaga kwenye kile kimfuko ambacho wengi tunakitupa pamoja na boksi. Ukifanikiwa kupata picha lakini haina rangi, nyeusi na nyeupe tupu, umechomeka sawa ila umechagua Component badala ya AV, rudi kwenye Source ubadilishe.

Ila kama king'amuzi chako kina tundu la HDMI achana na hayo yote nunua waya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha na sauti pamoja. Zima vyote viwili, chomeka, washa TV kisha king'amuzi. Ikigoma hamia tundu jingine, ikigoma tena azima waya kwa jirani kabla hujalaumu TV.

SWALI (Kigamboni): Fundi shikamoo. Mimi ni dada nimeanza maisha, nimenunua TV wameniambia ina king'amuzi ndani kwahiyo sina haja ya kununua kingine. Nimetafuta chaneli zaidi ya nusu saa imeleta sifuri. Antena ninayo ile ya ndani niliyopewa na mama.

FUNDI: Marahaba dada, hongera kwa kuanza maisha. Hawajakudanganya ila hawajakumalizia maneno.

Kwanza hakikisha hicho king'amuzi cha ndani ni cha aina gani. Angalia kwenye boksi au kitabu chake, utaona herufi. Kwetu huku matangazo ya antena yanatumia DVB-T2, kwahiyo lazima hiyo T2 iwepo. Ukiona DVB-S2 hiyo ni ya dishi, waya wa antena hautaisaidia kitu. Nyingi mpya zina zote mbili na hapo ndipo watu wanapotea, maana ukienda kutafuta chaneli TV inakuuliza unatumia nini, Antenna, Cable au Satellite, ukichagua Cable na wewe una antena itazunguka mpaka asubuhi na kuleta sifuri. Chagua Antenna, na aina ya chaneli weka digitali peke yake, usiweke analogi na digitali pamoja unapoteza muda bure. Analogi ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hakuna cha kutafuta huko.

Ikikuuliza nchi chagua Tanzania, kama haipo weka Afrika Kusini au Ujerumani. Hii watu wanaidharau lakini TV inatumia nchi kujua itafute kwenye masafa gani na kila chaneli ina upana gani, ukiweka nchi yenye mpangilio mwingine inaruka juu ya chaneli zako bila kuziona.

Sasa antena ya mama. Kama ina vile vijiti viwili virefu vya kuvuta, vile vilikuwa maalumu kwa chaneli za zamani za VHF, yani masafa ya chini. Digitali ya huku kwetu ipo UHF, masafa ya juu zaidi, kati ya 470 na 694 MHz, na mawimbi ya huko ni mafupi ndio maana vijiti vya antena yake ni vya sentimita 20 hadi 30 hivi. Unaweza kujaribu kuvifupisha vile virefu mpaka vyote viwili kwa pamoja vifikie hapo na kuvilaza, wakati mwingine inakubali. Alafu je paa lenu ni bati? Antena ya ndani chini ya bati haina maisha, hasa chumba kikiwa cha katikati. Ipeleke dirishani upande unaoona antena za majirani zimeelekea, skani upya. Ikikataa hapo ndio ufikirie antena ya nje.

Kuna na hii, baadhi ya antena zina kibusta kidogo ndani, yani kifaa cha kukuza signal, kinachotaka umeme wa volti 5 kupitia waya huo huo wa antena. Kwenye menyu ya TV au king'amuzi kuna sehemu imeandikwa Antenna Power au 5V, antena ya hivyo bila kuwasha hapo ni kama haijachomekwa. Ila kama antena yako ni ya kawaida isiyo na busta, iache imezimwa, zingine zikipokea umeme huo zinapiga shoti na TV inakuletea ujumbe wa kulalamika.

Na usitegemee chaneli za kulipia, king'amuzi cha ndani kinafungua zile za bure tu.

SWALI (Morogoro): Naomba msaada fundi, TV mchana ipo poa lakini ikifika saa mbili taarifa ya habari inaanza kuganda, picha vipande vipande, sauti inakata kata. Fundi wa kwanza aliniuzia busta, akaja wa pili akaongeza busta nyingine juu ya ile, sasa hivi ndio imeharibika kabisa hata mchana. TV ina miezi miwili tu.

FUNDI: Busta mbili! Hao mafundi sijui niseme nini. Toa zote mbili leo hii, waya wa antena uingie moja kwa moja kwenye TV, alafu ndio tuongee.

Umeshatoa? Sasa sikiliza. Enzi za analogi signal ikipungua ulikuwa unaona chenga, unamtuma mtoto nje ageuze mti wa antena huku unapiga kelele "hapo hapo, rudisha kidogo", na mtu aliweza kuangalia mechi nzima ndani ya chenga na akajua nani kafunga. Digitali haina chenga. Picha inakuja safi hata kama signal imebaki kidogo sana, alafu ikishuka chini ya kile kiwango chake inaanza kuganda, ikishuka tena kidogo inapotea kabisa. Kwahiyo mchana kuona picha safi haina maana signal yako ni nzuri, inawezekana ipo ukingoni na jioni kitu kidogo tu kinaisukuma chini.

Utajuaje? Ingia kwenye menyu tafuta taarifa za signal, zingine ukibonyeza Info mara kadhaa unazipata, utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Watu wanaangalia nguvu, wakiona 90 wanafurahi. Wewe angalia ubora. Nguvu kubwa na ubora mdogo maana yake kinachoingia ni kingi ila kimechafuka, na hapo busta inazidisha tatizo kwasababu haitengenezi signal mpya, inakuza ilichopewa, ni sawa na kuongeza sauti ya redio yenye mkoromo, mkoromo nao unaongezeka. Na ikizidi sana TV yenyewe inalemewa, haisomi kitu hata kama upo karibu na mnara. Hicho ndicho busta mbili zimekufanyia.

Ubora ukiwa mdogo bila busta angalia waya. Waya wa antena ni wa ohm 75 na mzuri wa kawaida ni RG6, ule mnene kidogo. Hata huo, kwa masafa ya UHF, kwenye mita 18 hivi unakuwa umeshameza karibu nusu ya signal, na ule mwembamba RG59 unameza zaidi. Kama una kigawanyo cha kupeleka TV ya chumbani nacho kila upande unapata chini ya nusu. Kwahiyo mtu mwenye waya mwembamba wa mita 30 umefungwa viungo viwili kwa tepu nyeusi alafu una kigawanyo, huyo anategemea miujiza. Weka waya mmoja mzima usio na kiungo. Na kichwa cha waya ukikate upya, angalia vile vinyuzi vya nje vya wavu hakuna hata kimoja kilichogusa waya wa katikati, kinyuzi kimoja tu kinatosha kuua kila kitu.

Kwanini jioni? Kuna mambo kadhaa hapo. Jioni umeme unashuka kwa watu wengi na adapta ya busta inakosa nguvu, kwako na busta mbili hilo linawezekana sana. Jioni taa zinawashwa, na zile balbu za LED za bei chee nyingi zinatoa kelele inayoingia kwenye antena na waya, chaja za simu za mitaani nazo vile vile. Fungua ule ukurasa wa ubora uuache kwenye TV alafu zima taa na chaja moja moja, ukiona ubora umepanda ghafla umempata mchawi. Na jioni ndio watu wote wapo kwenye simu. Hapa kuna jambo mafundi wengi hawajalishika, masafa ya TV ya juu kuanzia 694 MHz yamepelekwa kwenye intaneti ya simu, lakini antena na busta za zamani zilitengenezwa kukamata mpaka 862 MHz, kwahiyo kama una mnara wa simu nyuma ya nyumba busta yako inaukuza mnara wa simu vizuri sana na TV inapata makombo. Kipo kichujio kidogo cha 4G kinachofungwa kabla ya busta, kikipatikana kinasaidia.

Kama baada ya yote signal bado ndogo kwasababu upo mbali au umejificha nyuma ya mlima, na Morogoro milima mnayo, hapo busta inaruhusiwa, moja, na inafungwa juu kwenye mti karibu na antena, sio chini nyuma ya TV. Ikikaa juu inakuza signal kabla waya haujaila, ikikaa chini inakuza mabaki. Lakini kabla ya kununua pandisha antena mita moja au mbili uone kwanza, ni bure.

SWALI (Ruiru): Sasa fundi. TV yangu iko na decoder ndani, nikiscan napata Citizen, NTV na KTN poa kabisa lakini KBC na zingine hazishiki. Nimescan mpaka nimechoka. Shida ni TV?

FUNDI: Poa sana ndugu. TV ni nzima, mashine inayoshika chaneli moja ya T2 inaweza kushika zote.

Chaneli za digitali hazirushwi moja moja, zinafungwa pamoja kundi zima kwenye masafa mamoja. Huko Kenya mlipohamia digitali 2015 kulikuwa na warushaji tofauti, Signet ya KBC, PANG ya Wachina, na ADN ambayo ilikuwa ya wenye Citizen, NTV na KTN, kila mmoja na masafa yake. Kwahiyo chaneli zikipotea kwa kundi ujue ni masafa hayo ndio hayafiki vizuri kwenye antena yako, ikipotea chaneli moja tu na wenzake wapo basi shida ni ya kituo chenyewe, kaa usubiri.

Uelekeo wa antena geuza kidogo kidogo. Limuru penye mitambo ya KBC kwako ipo upande wa magharibi, na kama kuna ghorofa imeota upande huo juzi juzi inaweza kuwa ndio iliyokuzibia. Angalia pia kama za majirani vijiti vimelala au vimesimama, na yako iige hivyo hivyo, antena iliyolala haishiki vizuri mawimbi yaliyosimama.

Alafu usiscan tena otomatiki, mara nyingi inafuta ulizonazo. Tumia manual. Chaneli ya UHF namba 21 ni 474 MHz na kila namba unaongeza 8, mpaka 48 ambayo ni 690. Chagua namba moja, tulia uangalie mstari wa ubora, ukiona unapanda kidogo hata bila picha hapo kuna kundi linakuita, geuza antena taratibu ukiwa kwenye namba hiyo hiyo.

SWALI (Tanga): Mwanangu, mimi mzee wako wa Tanga. Watoto wameninunulia TV kubwa na dishi lilikuwepo tangu zamani. Mvua ikinyesha picha inaondoka. Siku hizi hata manyunyu inaondoka. Watoto wanasema TV ina kasoro, wanataka kuibadilisha.

FUNDI: Shikamoo mzee wangu. Waambie watulie, TV haijui kama nje kuna mvua.

Haya madishi madogo yanapokea mawimbi ya GHz 10.7 hadi 12.75, mafupi sana, urefu wake sentimita mbili na nusu hivi, na matone ya mvua yanayameza njiani. Kwahiyo mvua ile kubwa ya masika picha kuondoka robo saa alafu ikarudi ni kawaida kwa kila mtu, hakuna fundi atakayekutibu hilo. Ila manyunyu kuiondoa sio kawaida mzee, hiyo ni dalili kuwa dishi limesogea taratibu na signal imebaki ya kubahatisha. Upepo wa pwani huo, na bolti zimelegea.

Kuna cha kuangalia hata kabla ya kumwita fundi. Kama king'amuzi ni cha Azam dishi linatazama satelaiti iliyopo nyuzi 7 mashariki, kutoka Tanga hiyo ipo upande wa magharibi, juu kidogo ya nusu ya anga. Kwahiyo mwembe wa magharibi ya nyumba ukikua unakuzibia na watu hawaugundui kwasababu umekua pole pole. Ila kama ni king'amuzi cha satelaiti ya nyuzi 36 mashariki mawimbi yake yanashuka karibu na utosini, mti wa pembeni haukuhusu mpaka matawi yawe yamefika juu ya dishi lenyewe.

La pili ni chumvi. Pwani yetu hii inakula chuma, na kile kichwa kinachotazama dishi, LNB, pale waya unapoingia ndio pa kwanza kuoza. Mwambie kijana aufungue, aangalie kama waya wa katikati umekuwa kijani au mweusi. Ukiwa hivyo akate kipande, afunge kichwa kipya, na afunike kwa kile kimpira chake au silikoni. Waya uache upinde kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia kwenye kichwa ili maji yadondokee hapo yasitiririke kuingia ndani. Maji yakishaingia kwenye waya unaweza kukaa siku mbili jua linawaka na picha hakuna.

Zima king'amuzi kabla ya kufungua huko mzee, ule waya una umeme wa volti 13 au 18 unaopanda kwenye LNB, hauui mtu ila shoti yake inaua king'amuzi.

SWALI (Mwanza): Fundi kwanini flati yangu ya inchi 55 4K picha yake ni mbovu kuliko chogo la inchi 21? Nimejuta kweli yani.

FUNDI: Usijute, umeipa chakula kidogo mno. Kupitia zile waya za rangi tatu king'amuzi kinatoa picha ya nukta 720 kwa 576, jumla ni kama laki nne na kumi na nne elfu. Kioo cha 4K kina nukta milioni 8 na laki tatu kasoro kidogo, yani mara 20 kamili. Kila nukta moja inatanuliwa ijaze nafasi ya nukta 20, na wewe umekaa mita moja na nusu kutoka kwenye kioo unaona kila kitu. Weka HDMI, ingia kwenye setingi za king'amuzi upandishe picha iwe 1080, na kwenye TV punguza ile Sharpness maana inaongeza makunyanzi tu. Chaneli ambazo zenyewe zinarushwa kwa kiwango cha chini zitabaki na ukungu, hizo sogeza kochi nyuma.

SWALI (Dodoma): Yale maandishi ya habari yanayopita chini yanakatika nusu, hata matokeo ya mpira juu pembeni siyaoni yote.

FUNDI: Setingi tu. Tafuta Picture Size au Aspect, weka Just Scan, Screen Fit au 1:1, kila kampuni ina jina lake. Na ondoa Zoom.

SWALI (Nakuru): Fundi, broo amerudi kutoka Marekani na TV ya inchi 50, mpya kwenye boksi. Haijawashwa bado. Antena yetu ni nzuri ina signal. Naweza chomeka tu?

FUNDI: Asante kwa kuuliza kabla ya kuchomeka, wengi wananiuliza baada ya moshi. Geuza TV usome kibandiko cha nyuma penye umeme. Kama imeandikwa 100-240V 50/60Hz chomeka bila wasiwasi, badili kichwa tu. Kama imeandikwa 120V 60Hz peke yake usiiguse na umeme wa huku, tafuta transfoma ya kushusha umeme na iwe na uwezo unaozidi ule wa TV, watu wa duka la umeme watakupimia wakiona wati za kibandiko.

Kuhusu signal, antena yako iwe nzuri namna gani haitapata hata chaneli moja. Marekani wanatumia mfumo wa ATSC, huku ni DVB-T2, na hakuna setingi wala programu ya kubadilisha hilo. Za kutoka Japani pia hazishiki, wao wana ISDB-T, na umeme wao ni volti 100. Suluhisho ni rahisi lakini, nunua king'amuzi cha nje cha T2, waya wa antena unaingia kwenye king'amuzi, HDMI inaingia kwenye TV, basi umesahau habari za ATSC.

Kuna mtego mmoja tu. Ving'amuzi vya huku kawaida vinatoa picha ya 50Hz na baadhi ya TV za Marekani zinaikataa, unaona kioo cheusi au ujumbe kwamba mfumo haukubaliki, mtu anadhani HDMI imekufa. Chomeka king'amuzi kwenye TV nyingine ya huku kwanza, ingia kwenye setingi za picha ubadilishe kuwa 720 au 1080 ya 60Hz, alafu ndio ukirudishe kwenye hiyo ya broo.

SWALI (Arusha): Nimefanya kila kitu ulichosemaga toleo zilizopita na bado TV mpya haishiki chaneli za antena. Fundi wa mtaani anataka kuifungua. Nimruhusu?

FUNDI: Asiifungue! Akishavunja ile stika garantii imeondoka. Beba TV yako mpaka kwa jirani ambaye yake inashika vizuri, chomeka waya wake wa antena kwenye TV yako, skani. Ikishika, rudi nyumbani tatizo ni antena na waya wako. Isiposhika wakati ya jirani inashika kwa waya huo huo, na umehakikisha kwenye boksi imeandikwa T2, basi hiyo ni TV mbovu kweli, hutokea. Rekodi yote kwa simu, ya jirani inashika, yako haishiki, video moja bila kukata, alafu nenda dukani na risiti, boksi, rimoti na viwaya vyote. Na nenda mapema asubuhi kabla wateja hawajajaa.